Wenye Pembe Ndefu Ndio Waliokufa

"Zima hiyo mashine," alisema Inspekta Daksha Gadhvi.

Dereva wa mashine ya kuchimba alijifanya hasikii. Daksha akapanda ngazi, akapitisha mkono mbele ya kitambi cha yule dereva, akageuza ufunguo mwenyewe. Kelele ikakatika. Shimo lilikuwa limeshafika kina cha kiuno, magunia ya chumvi yamepangwa ukingoni, na kando yake ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wamelazwa kwenye safu, kila mmoja amefunikwa shuka la njano na kupakwa poda nyekundu kwenye paji la uso. Juu ya mapaa ya mji wa Timbadi vishada viliendelea kuruka, maana sikukuu ya Uttarayan ina siku mbili na hakuna aliyewaambia watoto waache.

"Shimo, chumvi, sanda," alisema Daksha akishuka. "Mnafanya kazi upesi. Nani kaamuru wazikwe kabla polisi hawajawaona?"

"Mimi." Sheth Mansukhlal alisogea mbele. Ndiye mwenyekiti wa gaushala ile, makazi ya ng'ombe wazee na waliotelekezwa yaliyojengwa na babu yake, na nusu ya pamba ya wilaya ilipita mikononi mwake. Alivaa nguo nyeupe tangu shingoni hadi miguuni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, kulia kwa kweli. "Hawa ni mama zetu, Dakshaben, dada yangu. Mama haachwi juani adonolewe na kunguru."

"Mama akiuawa, Mansukhbhai, huchunguzwa kwanza ndipo azikwe."

"Uchunguze nini tena? Muuaji tumekukamatia. Tumemfungia kwenye ghala la majani. Kazi yako ni kumpakia kwenye gari, basi."

Huyo muuaji aliitwa Puriben, mjane wa Kirabari, watu wa ufugaji, wa miaka sitini na kitu, na kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyewalisha, kuwaosha na kuwauguza ng'ombe wa pale. Ushahidi dhidi yake ulikuwa wa namna mbili. Alfajiri walinzi wawili walimkuta akiwainua ng'ombe vichwa na kuwamiminia kitu kooni kwa chupa, mmoja baada ya mwingine. Na chumbani mwake kulikutwa kopo la unga mweupe. Kufika saa tatu asubuhi ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wamekufa, watano wengine wamelala hawawezi kusimama, na nje ya lango watu kama mia mbili walikuwa wakipiga kelele wapewe yule bibi.

Simu ya Daksha ilitetemeka. Mkuu wake wa wilaya hakusalimu. "Saa tisa nataka mwanamke huyo awe rumande huku. Usiniletee ujuaji wako leo, Daksha."

"Nimekusikia, bwana."

Akairudisha simu mfukoni pamoja na ufunguo wa mashine. Saa yake ilionyesha saa tano na dakika kumi.

"Mansukhbhai, nani ana ufunguo wa lango?"

"Puriben peke yake. Jana alifunga saa sita mchana, kama kila mwaka. Baada ya hapo hakuingia mtu ila yeye. Unaona mwenyewe mambo yalivyo wazi."

"Naona. Koplo Bhupat, funua mashuka yote."

"Utawavua sanda mbele za watu?"

"Geuka upande wa pili kama hutaki kutazama."

Koplo Bhupat alikuwa mtu mnene mwenye masharubu ya kujivunia na mikono iliyokatwakatwa na nyuzi za vishada vya jana. Alifunua shuka moja moja akinung'unika dua. Daksha alipita kwenye safu, akainama kwa kila mmoja. Walikuwa ng'ombe wakubwa, wenye nundu nene na pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Matumbo yalikuwa yamevimba upande wa kushoto. Hakukuwa na kizee hata kimoja, wala kiwete, katika makazi ambayo yalijengwa kwa ajili ya vizee na viwete.

Alipapasa kidevu cha wa kwanza, akanusa kidole. Mafuta ya karanga. Wa pili hakuwa na kitu. Akaendelea hadi mwisho wa safu. "Andika, Bhupat. Wanne wana mafuta kidevuni. Saba hawana."

"Mafuta yana nini, afande?"

"Sijui bado. Andika."

Waliingia ndani ya zizi. Kulikuwa na nyua tatu zilizotenganishwa na kuta za mawe: wa mbele unaopakana na lango, wa kati uliokuwa mtupu, na wa nyuma. Wale ng'ombe watano wagonjwa walikuwa wamelala ua wa mbele, shingo zimenyooka chini, macho yamezama. Daksha akawapapasa nao. Wote watano walikuwa na mafuta kidevuni. Ua wa nyuma ulikuwa na vipofu, waliovunjwa miguu na malori, na ndama wasio na mama, na wote walikuwa wamesimama wakicheua kwa raha zao.

"Wa huku wanakunywa maji ya wapi?"

Bhupat akafuata mfereji kwa macho. Ulianza kwenye birika la ua wa mbele, ukapenya ukutani, ukaishia nyuma. "Yale yale."

"Na majani?"

"Rundo moja, afande. Lile pale."

"Basi ni sumu ya ajabu. Imeacha vipofu na ndama, ikachagua wenye pembe."

"Labda bibi aliwachukia wenye pembe." Bhupat alicheka peke yake. Kisha akainama nyuma ya birika na kuinuka na chupa ya plastiki yenye picha ya fuvu. "Afande! Dawa ya wadudu ya pamba! Nimeipata!"

Daksha akaipokea kwa leso, akaiinua kwenye jua. Ndani ya shingo ya chupa buibui alikuwa amefuma utando wake kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake mayai matatu ya mjusi yalikuwa yamegandamana.

"Mjusi huyu alitaga jana jioni, Bhupat?"

"Hapana, afande."

"Itie kwenye mfuko hata hivyo. Usije ukasikia kesho imefufuka mahakamani."

Kwenye ua wa mbele kinyesi kilikuwa cha majimaji, rangi ya uji. Daksha akachuchumaa, akakipekua kwa kijiti. Harufu yake ilikuwa chachu, ya kukwaruza pua. Punje nzima za ngano na uwele zilionekana waziwazi, zimevimba, hazijasagwa.

"Baba yangu aliuza shamba nisome," alisema Bhupat akiziba pua, "ili niepukane na mavi ya ng'ombe."

"Na mimi ni Gadhvi, ukoo wa wafugaji, tumezaliwa ndani yake. Lete bahasha."

Daktari wa mifugo, kijana aliyeitwa Ketan Vaghasia, alikuwa amekaa ndani ya gari lake na vioo vimepandishwa. Daksha akagonga kioo, kisha akafungua mlango bila kungoja.

"Daktari, umempasua ng'ombe mmoja asubuhi. Uliona nini?"

"Nimeandika kwenye ripoti. Inashukiwa sumu."

"Sikukuuliza umeandika nini."

Kijana akatazama upande wa Sheth Mansukhlal, aliyekuwa akiongea kwa simu chini ya mwarobaini. "Afande, mimi nina miezi minne tu hapa. Bado hata nyumba ya serikali sijapewa."

"Nyumba utapewa. Ulipasua tumbo, ukaona nini?"

"Nafaka," alisema kwa sauti ndogo. "Tumbo kubwa lilijaa nafaka iliyochemshwa. Ilikuwa imechachuka, inatoa povu. Nilitia karatasi ya kupimia uchachu, ikageuka rangi pale pale. Na mifuko ya plastiki, lakini hiyo kila ng'ombe wa mjini anayo."

"Sumu?"

"Sikuona dalili ya sumu."

"Ulimwambia mwenyekiti?"

"Nilimwambia. Akanishika bega, akaniambia, 'Mwanangu, neno hilo usilirudie tena katika mji huu.'" Akafuta jasho. "Akaanza kulia, afande. Mtu mzima namna ile analia mbele yako, utafanyaje?"

"Unamwachia alie, halafu unaandika ukweli. Hiyo karatasi bado unayo?"

Alikuwa nayo, ndani ya kitabu cha risiti, na chupa ya kile alichokikuta tumboni pia alikuwa nayo, ndani ya boksi la barafu. Yaani kijana alikuwa mwoga lakini hakuwa mwongo, na Daksha alishukuru kwa hilo. Akachukua vyote viwili na kumtilia sahihi ya kupokea.

Kwenye ghala la majani, walinzi wawili walikuwa wameegemea mlango na fimbo zao. Daksha akawatuma wakanywe chai. Ndani, Puriben alikuwa ameketi juu ya tita la majani makavu, shali lake jeusi limeraruka begani, michoro ya zamani ya kijani iliyochanjwa ngozini ikipanda kutoka viganjani hadi viwikoni. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Hakuinuka.

"Umekuja kunifunga au kunisikiliza?" aliuliza. "Kama ni kunifunga, fanya upesi, nimechoka kukaa na panya. Kama ni kunisikiliza, fanya upesi zaidi."

"Nani alikupiga, mama?"

"Hilo liache. Wangapi wamebaki?"

"Watano."

"Kila unapopiga porojo anapungua mmoja. Wanahitaji kunyweshwa tena. Tangu saa moja asubuhi nimefungiwa humu nawasikia wakikoroma."

"Kuwanywesha nini?"

"Magadi na mafuta ya karanga. Vijiko vitatu vya magadi kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, na mafuta nusu chupa. Marehemu mume wangu ndivyo alivyofanya, na baba yake. Ng'ombe akila nafaka nyingi, tumbo linachachuka. Asipopata magadi anakufa, wala haihitaji daktari kulijua hilo."

"Ulifunga lango saa sita jana?"

"Nilifunga. Kila Uttarayan nafunga. Watu wanakuja na ghughri zao, ngano na uwele wa kuchemsha na sukari guru, kila mtu na sufuria yake, kila mtu na marehemu wake. Wote wanataka thawabu siku moja. Mimi nampimia kila mtu konzi moja tu, nyingine wanakwenda nayo. Wananiita mchoyo, mchawi, mla thawabu za watu. Waniite. Ikifika saa sita nafunga, ng'ombe wangu wacheue."

"Halafu?"

"Halafu saa tisa Sheth akaja na trekta. Masufuria matatu makubwa, yale ya harusi. Ni mwaka wa kwanza tangu mama yake afe, akataka ng'ombe wale kwa jina lake mpaka washibe. Nikamwambia, Mansukh, nenda na masufuria yako. Nilimjua mama yake, asingetaka hivi." Akatema kipande cha jani. "Watu wake wakakata kufuli kwa msumeno. Mimi nikabebwa nikatupwa nje ya lango langu mwenyewe. Alfajiri niliruka ukuta, na umri huu. Nikawakuta kumi na sita wako chini."

"Uliwanywesha wangapi kabla hujakamatwa?"

"Tisa. Wale saba sikuwafikia."

Daksha akafunua daftari la Bhupat. Wanne waliokufa wakiwa na mafuta kidevuni, watano walio hai wakiwa na mafuta kidevuni, jumla tisa. Saba wasio na mafuta, wote saba wamekufa. Kama chupa ile ilikuwa ya sumu, basi ilikuwa sumu ambayo asiyeinywa ndiye aliyekufa.

"Bhupat, uliona hesabu hii?"

"Naiona, afande." Masharubu ya Bhupat yalikuwa yamelegea. "Wenye nguvu waliwasukuma wengine wakala zaidi. Vipofu wamebaki nyuma, hawakupata kitu. Ndiyo maana wazima."

Puriben akavua uzi shingoni na kumtupia Daksha ufunguo. "Huo ni ufunguo wa kufuli langu. Nenda ukaujaribu langoni uone kama utaingia."

Bhupat alikwenda, akarudi akihema. Haukuingia. Kufuli la langoni lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya duka. Kisha akasimama akijikuna kichwa, akatoa simu yake kwa aibu. "Afande, kuna kitu. Jana nilikuwa juu ya paa na kishada, sikujali. Lakini kwenye kikundi cha mtaa walituma picha."

Ilikuwa picha nzuri. Sheth Mansukhlal kashika upawa katikati ya ua wa mbele, masufuria matatu nyuma yake, picha ya mama yake imevishwa shada la maua ya njano, na ng'ombe wenye pembe ndefu wamezama vichwa mpaka machoni. Ilitumwa saa kumi na dakika ishirini. Chini yake watu sitini na wanne walikuwa wameweka viganja vya dua.

Utaratibu ulimtaka Daksha amwache mshukiwa ndani, apeleke unga maabara, angoje majibu wiki mbili. Aliutazama utaratibu huo kwa muda wa pumzi moja, na hasira ikampanda.

"Mama, simama. Chupa yako iko wapi?"

"Waliivunja."

"Bhupat, kalete chupa za soda kwenye gari, mwaga kilichomo. Lete na kopo la ushahidi. Chota kijiko kimoja, funga kwenye bahasha, piga muhuri. Kilichobaki mpe bibi afanye kazi yake."

"Afande, mkuu akisikia..."

"Atasikia. Nitamwambia mimi."

Puriben alitoka ghalani akichechemea. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe wa kwanza, akampigia goti, akaingiza kidole pembeni mwa mdomo, akainua chupa.

Langoni mtu akapiga ukelele. "Anawamalizia! Mbele ya polisi anawamalizia!"

Umati ukalisukuma lango. Chuma kikalia. Jiwe likaruka juu ya ukuta na kuangukia ndani ya birika. Bhupat akashika fimbo yake kwa mikono miwili na kutazama nyuma, kuona kama kuna mahali pa kukimbilia.

Daksha akapanda juu ya hori la mawe lililojengwa kando ya lango kwa ndani, akaonekana kifua na kichwa juu ya ukuta. Mkononi alikuwa na ile bahasha ya unga na sahani ya bati, kwapani chupa ya daktari.

"Nani ana limau?" alipaza sauti.

Hawakutegemea swali hilo. Kelele ikapungua kidogo.

"Nimeuliza, nani ana limau? Wewe wa maji ya miwa, nakuona, huwezi kukosa."

Muuza maji ya miwa akarusha limau, akaonekana kujuta mara hiyo hiyo. Daksha akamwaga nusu ya unga kwenye sahani, akaliuma limau, akalikamulia juu yake. Povu likafura mpaka likamwagika ukingoni. Akaishusha sahani waione waliokuwa mbele.

"Hii ndiyo sumu mliyoipata kwa Puriben. Kuna anayeijua?"

Wanawake waliangaliana. Mmoja, mwenye sari ya bluu, akasema kama anayeona haya, "Si magadi hayo? Ya kuumulia mkate wa dhokla?"

"Ya kuumulia dhokla. Kuna jiko hapa Timbadi lisilo nayo? Basi nitakamata mji mzima." Akajilamba kidole chenye unga, akameza. "Haya. Subirini nife."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Sasa tazameni hii." Akainua chupa ya daktari, iliyojaa uji wa kijivu na punje. "Imetoka tumboni mwa ng'ombe aliyekufa. Mnaijua?"

Waliijua. Walio mbele wakarudi nyuma hatua moja.

"Ghughri," alisema Daksha. "Yetu. Konzi moja ni baraka, ndoo tatu ni kifo. Inachachuka tumboni kama pombe, ng'ombe anakufa akiwa ameshiba. Bibi huyu alijua. Alituzuia, tukamtukana."

"Ghughri ni dini!" mzee mwenye kilemba chekundu alifoka. "Tangu babu zetu tunawalisha ng'ombe siku hii! Wewe ni nani uifanye sumu?"

"Babu yako alikuwa na ng'ombe wawili na konzi moja, mzee. Sisi tuko elfu na kila mmoja ana sufuria. Tumbo la ng'ombe halijui dini, linajua majani."

"Hata wewe!" Sauti ilitoka kwa mwanamke mwenye sari ya bluu, na sasa haikuwa na haya. "Unatusimanga kumbe hata wewe ulikuja! Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni jana saa nne! Ulikuwa na sufuria!"

Watu wote wakamtazama. Hata Puriben aliinua kichwa.

"Nilikuja," alisema Daksha. "Sufuria ya lita tano, kwa jina la baba yangu. Puriben alinipimia konzi moja, nikamwona mchoyo. Nikazunguka ukuta upande wa kisima, na iliyobaki nikawarushia ng'ombe kwa juu. Yote." Uso wake ulikuwa unawaka na hakuuficha. "Wangapi wenu mlirusha juu ya ukuta?"

Lango halikusukumwa tena.

Daksha akashuka, akafungua lango kwa ufunguo mpya aliomnyang'anya mlinzi, akaburuta meza ya kupokelea wageni mpaka katikati ya njia. Akafungua kitabu cha maelezo. Akaandika kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti kila neno: Daksha Gadhvi, sufuria moja, saa nne asubuhi, alirusha juu ya ukuta. Akatia sahihi.

"Wa pili," alisema.

Sheth Mansukhlal alikuwa amefika kando ya meza. Nguo zake nyeupe zilikuwa na vumbi la chumvi. "Dakshaben," alisema polepole, "mama yangu alikata roho ameshika mkia wa ng'ombe, ili umvushe mto wa mauti hadi ng'ambo. Mimi ndiye niliyemshikisha. Sasa unataka kuandika kwamba chakula cha jina lake kimeua ng'ombe kumi na mmoja? Unajua hiyo ni dhambi gani? Nitakuhamisha. Kesho utaamka Kachchh, kwenye jangwa la chumvi."

"Kachchh nina shangazi wawili, watafurahi. Sitaandika jina la mama yako, hakuwepo. Nitaandika la aliyekata kufuli, na la aliyesema uongo kwamba halikukatwa, na la aliyetaka kumpeleka bibi huyu jela badala yake."

"Nilifanya kwa mapenzi!"

"Najua. Na mimi pia. Nisaidie kuliandika hivyo."

Sheth akashika ukingo wa meza. Nyuma yake, mwanamke mwenye sari ya bluu alipita, akainama mezani. "Hansaben Dobariya," alisema. "Ndoo moja. Juu ya ukuta." Mzee wa kilemba chekundu akageuza mgongo, akaondoka akitukana. Wengine wakafuata njia hiyo hiyo, wengi. Lakini nyuma ya Hansaben wakasimama wanne, kisha saba.

"Wewe!" Ilikuwa sauti ya Puriben. Alikuwa amepiga magoti kando ya ng'ombe mwekundu, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa anarusha kichwa na kumwaga dawa chini. Bhupat alikuwa akijaribu kushika pembe kwa ncha za vidole. "Wewe mwenye nguo nyeupe! Huyu koplo hana mikono! Nahitaji mtu mwenye nguvu za kushika pembe!"

Sheth alitazama kushoto na kulia, kama anayesemeshwa ni mwingine.

"Mansukh! Nakuita wewe! Au unataka awe wa kumi na wawili?"

Alikwenda. Daksha aliacha kuandika. Mwenyekiti alipiga magoti kwenye kinyesi cha uji, akazishika pembe zote mbili, akakilaza kile kichwa kizito mapajani mwake. Machozi yalimtoka tena na akaanza kunong'ona dua, akitaja jina la mama yake, akimwomba ng'ombe msamaha sikioni.

"Msamaha baadaye," alisema Puriben, akiingiza shingo ya chupa mdomoni mwa ng'ombe. "Inua kichwa. Juu zaidi. Na ushike, usiachie mpaka nikwambie."